Akina Soksi wa Dunvarra

Dunvarra, Cape Breton
14 Oktoba 1971

Binti yangu Ishbel,

Ni mimi baba yako, mzima isipokuwa goti, na goti lenyewe unalijua. Mama yako hajambo na anakusalimu. Ametia biskuti za oti kwenye kifurushi kitakachofuata barua hii, kwa hiyo usinilaumu zikifika zimekuwa unga. Ng'ombe amezaa, dume. Viazi vimetoka vizuri, ila vya upande wa kijito vimeozea mvuani. Jirani yetu Jessie Ann bado anasikiliza simu za watu kwenye laini tunayochangia. Juzi mama yako alikuwa anaongea na dada yake, wakasahau jina la yule daktari wa Antigonish, Jessie Ann akawatajia hukohuko kwenye laini. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Sikutaka nyumba zote za laini yetu zijue habari yako kabla yako, ingawa kwa bahati mbaya zimekwisha kujua. Nitaeleza.

Mwalimu mkuu wa shule yetu anastaafu mwezi wa sita. Alhamisi iliyopita, kwenye karata za parokia, Angus Dan MacLellan, ambaye tangu wamfanye mwenyekiti wa kamati ya shule hatembei bila tai, akaniuliza mbele za watu, "Ranald Soksi, yule binti yako si alisomea ualimu kule Truro? Yuko wapi siku hizi, au amekwisha kuwa baharia?" Watu wakacheka. Nikaziweka karata zangu mezani, nikasema, "Anarudi. Septemba atashika shule. Nakupa neno langu." Wakanyamaza wote. Nakwambia kweli, Ishbel, kile kimya kilinikaa vizuri kuliko koti la arusi.

Sasa usianze kufura. Una miaka thelathini na sita. Umefundisha, umepika, umelehemu mabati, umeendesha gari la wagonjwa, umeunganisha simu za watu, na sasa unaniambia uko Quebec unajifunza kutengeneza vinanda vya kanisani. Mimi niliingia mgodini nikiwa kijana, nikatoka siku walipoufunga, nikapanda gari la kusukuma theluji, na humo ndimo nitakamofia. Sisemi maisha yangu ndiyo mfano. Nasema mtu huwa anafika mahali anakaa.

Na kuna hili jina. Akina Gillis hapa tumejaa hadi hatujulikani ila kwa majina ya utani. Mwingine ni wa Mlimani, mwingine wa Posta, na sisi, kwa sababu babu yangu aliingia kanisani siku ya Pasaka na soksi moja tu, ni akina Soksi mpaka leo. Baba yangu amekufa Soksi. Mimi nimezeeka Soksi. Wewe ukishika shule, watatuita akina Mwalimu, na mimi nitaingia kaburini nikiwa Ranald wa Mwalimu. Ni kitu kidogo baba yako anachokuomba.

Andika upesi, maana Angus Dan anataka jibu kwa maandishi kabla ya Juni.

Baba yako,
Ranald Soksi (kwa sasa)


Saint-Hyacinthe, Quebec
9 Novemba 1971

Baba yangu,

Biskuti zimefika unga, kama ulivyotabiri. Nimezila kwa kijiko, na mwenye nyumba wangu, Mama Lussier, ameniomba nusu. Mwambie Mama zilikuwa tamu vilevile. Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa salama. Goti lako ulifunge flaneli usiku, na usinijibu kwamba umelifunga kama hujalifunga.

Hapa baridi imeanza. Chumba changu kiko juu ya jiko la Mama Lussier, kwa hiyo nalala kwenye joto na harufu ya vitunguu. Kifaransa changu bado kinawachekesha. Jana nilitaka kumwambia muuza nyama anipe ulimi wa ng'ombe, na nadhani nilimwomba wake mwenyewe, kwa jinsi alivyoruka.

Kazi ni ngumu na naipenda. Fundi ninayejifunza kwake anaitwa Bwana Phaneuf, mzee mwembamba, mkali, anayekula tufaha na mbegu zake. Kazi yake ni kuzitia filimbi sauti. Kinanda kikubwa cha kanisani kina filimbi nyingi ajabu, na kila moja ikitoka kwa mfua bati ni bubu. Ina mdomo lakini haisemi. Unaiweka kwenye meza yenye upepo, unaisikiliza inavyokoroma au kuzomea, unaugusa ulimi wake kidogo kwa patasi, unaipuliza tena. Ukikata pungufu haisemi. Ukizidisha umeiua. Wiki ya kwanza nilikuwa naishikilia filimbi kwa nguvu na kuibania meno, Bwana Phaneuf akasimama nyuma yangu akasema, "Unamfokea nani? Hiyo ni filimbi, si mwanafunzi wako."

Niko kwenye majaribio mpaka baada ya Pasaka. Kabla ya hapo lazima nimalize safu nzima ya filimbi mwenyewe, na wakiridhika nabaki.

Habari ya shule nimeisoma. Nitaijibu.

Mwanao,
Ishbel


Dunvarra
2 Desemba 1971

Ishbel,

Sisi wazima. Theluji imeanza mapema, nimekwisha kuutoa barabarani mkia wa ng'ombe wa Angus Dan pamoja na ng'ombe mwenyewe. Mama yako amefuma soksi, anasema ni jozi, nimezihesabu mimi.

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya filimbi na mstari mmoja juu ya shule. Mimi si mjinga. Mtu akisema nitaijibu, amekwisha kuijibu, ila hana ujasiri. Lakini wewe ujasiri unao, kwa hiyo nangoja.

Watu wameanza kuniita Ranald wa Mwalimu. Dukani, kanisani, hata Ranald wa Mlimani, ambaye nilidhani hawezi kusema neno zuri bila kulipwa, aliniambia juzi, "Habari za asubuhi, wa Mwalimu." Mtu akiniita Soksi siitiki. Mama yako ameniita Soksi mara mbili kwenye chakula cha jioni nikakosa viazi.

Padri ameuliza kama utapenda nyumba ya mwalimu ipakwe rangi ya njano au ya kijani. Nimesema kijani.

Baba yako,
Ranald


Saint-Hyacinthe
20 Januari 1972

Baba yangu mpenzi,

Natumai Krismasi ilikuwa na amani na kwamba kaka zangu walifika na watoto wao wote na makelele yao yote. Soksi zimenitosha, mwambie Mama. Mimi mzima, isipokuwa mkono wa kulia nimeuunguza kwa chuma cha kulehemu, si vibaya sana. Naandika kwa mkono wa kushoto, polepole, kwa hiyo kila neno hapa nimelifikiria mara mbili. Usije ukasema niliandika kwa pupa.

Sirudi Septemba.

Nimeona niliandike kabla ya kueleza, kwa sababu nikianza na maelezo utafika chini ukitafuta ndiyo mahali fulani. Haipo. Uniombee radhi kwa kamati, na rangi ya kijani wampakie mwalimu mwingine.

Umewahi kuniuliza, jikoni, ile siku nilipoacha ualimu: nani anakuambia uondoke? Sikukujibu kwa sababu nilikuwa kijana na jibu nililionea haya. Hakuna mtu, Baba. Ni mimi mwenyewe, ila ni yule mimi asiyejua kudanganya. Si sauti ya malaika, Padri asije akaanza kunitangaza kanisani. Inakuja nikiwa naosha vyombo au nafunga viatu, na haina haraka. Inasema tu, hapa umemaliza, na pale kuna kitu. Mara ya kwanza niliinyamazisha mwaka mzima. Nikawa nawafokea watoto wa watu kwa makosa ambayo si yao. Hapo ndipo nilipojua kwamba nikikaa nitakuwa mwalimu mbaya mwenye kazi ya kudumu, na nilikwisha kufundishwa na mmoja wa aina hiyo.

Nikaenda kambini kwa wakata miti, New Brunswick. Wanaume sitini na mimi na sufuria. Msimu wa pili nilikuwa najua nani anataka yai lake limekauka na nani anataka linatiririka, nikiwasikia tu wakikung'uta viatu mlangoni. Nikaona mikono yangu imeshajua, ila macho yangu yalikuwa yanamtazama mhunzi wa kambi. Ndiyo nikaenda Pictou wanakounda meli, kulehemu mabati, ambako wiki za kwanza walinificha nyundo na mwisho wakanipa ya kwangu yenye jina. Halafu ambulansi, Moncton. Hiyo sikuiandikia nyumbani sana. Kuna usiku mmoja wa barafu ya kioo, na mama mmoja nyuma ya gari aliyekuwa anajifungua huku akiniimbia ili nisiogope. Niliondoka pale kwa sababu nilianza kuzoea watu kufa, na sikutaka kuzoea.

Nisingependa kukudanganya kwamba kila kazi ilinifaa. Ile ya kuunganisha simu Halifax haikunifaa kitu chochote. Nilijifunza tu kwamba watu wote wanasema uongo saa za mchana. Lakini nyingine zote ninazo, Baba. Nikiwa mezani kwa Bwana Phaneuf, naijua bati inapokaribia kuyeyuka, naijua sauti ya mtoto anayeimba chini kidogo ya noti, na najua kutulia kitu kikiwa kibaya sana. Hakuna hata mahali pamoja nilipofukuzwa. Hakuna nilipokimbia. Kila mahali niliaga, na kila mahali walinipa mkono. Naona fahari. Nasema wazi, kwa mkono wa kushoto, naona fahari kwa maisha haya, na ningeumia sana kama wewe unayaonea haya.

Unaweza kuniuliza, na hii ukiimaliza? Sijui. Huenda hii ndiyo itakayonizika. Huenda nikiwa na miaka hamsini nikaenda kufuga nyuki. Sitakupa neno juu ya kitu nisichokijua.

Na kuhusu jina. Mimi ni Ishbel Soksi. Kila nilikokwenda nimekuwa nikiwasimulia hadithi ya babu yako na Pasaka yake, na kila mahali walinipenda kuanzia hapo. Kule kambini walinipa soksi moja ya sufu siku ya kuaga. Ninayo.

Mkono umechoka. Mama Lussier atanifungia bahasha.

Mwanao,
Ishbel


Dunvarra
28 Februari 1972

Ishbel,

Sisi wazima. Theluji nyingi.

Barua yako imefika. Haikufika kwangu. Bahasha ilisema Bwana Ranald Gillis, Dunvarra, hakuna Soksi wala chochote, kwa hiyo posta wakaipeleka kwa Ranald wa Mlimani, naye akaifungua, akaisoma, akaipeleka kwenye karata za parokia. Mimi habari za binti yangu kukataa shule niliambiwa nikiwa juu ya gari la theluji, na mtu wa Inverness ambaye hata simjui, aliyesimama kando ya barabara akanipigia kelele, "Pole, mzee!"

Hakuna anayeniita wa Mwalimu tena.

Angus Dan anasema neno la mwanamume ni neno, na anangoja nikuandikie ubadilishe nia. Nimekuandikia. Usijisumbue kujibu.

Ranald Gillis

[Pembeni, kwa penseli:] Halali huyu. Anageuka kitandani mpaka mablanketi yanaanguka. Andika hata kama amesema usiandike, na bahasha andika Soksi kwa herufi kubwa. Mama.


Saint-Hyacinthe
6 Aprili 1972

Kwa RANALD SOKSI, baba yangu,

Natumai u mzima na goti limetulia sasa theluji inapoyeyuka. Umesema nisijibu. Sijibu. Hii ni barua mpya.

Kosa la bahasha ni langu kwa sababu nilimwachia Mama Lussier aiandike. Nilimtajia vizuri, Ranald Soksi Gillis, naye akaweka kalamu chini akaniambia yeye ni mwanamke wa heshima na haandiki matusi juu ya barua ya mzee wa watu. Nikamwambia si matusi, ni jina. Akasema kama ni jina basi ni jina la paka. Nikadhani ameliandika. Kumbe ameliacha. Nilipomweleza yaliyotokea alilia, akanipikia supu ya njegere siku tatu mfululizo, na bado ananipikia. Kwa bahasha naomba radhi kwa magoti yote mawili. Kwa yaliyokuwa ndani siombi radhi.

Inaniuma kwamba ulisikia barabarani. Nilitaka uisome jikoni, umekaa, na Mama karibu. Yale maneno nilikuwa nimeyaandika kwa mtu mmoja.

Sasa nikupe habari. Wiki mbili kabla ya Pasaka niliua filimbi. Ile kubwa ya safu yangu, niliikata mdomo kupita kiasi kwa sababu siku hiyo barua yako ilikuwa mfukoni na mawazo yangu yalikuwa Dunvarra. Bwana Phaneuf aliipuliza, ikatoa pumzi tu, basi. Akaiweka chini. Nikajua nimekwisha. Nikavua aproni yangu, nikaikunja ili niiache mezani, kisha nikaivaa tena, nikaenda kwa mfua bati, nikamwomba bamba. Nililikunja mwenyewe, nikalilehemu mwenyewe, mshono ule wa Pictou. Asubuhi filimbi mpya ilikuwa imesimama mezani. Bwana Phaneuf akapitisha kidole kwenye mshono, akauliza, "Nani kakufundisha hii?" Nikasema, watu wa meli. Akauliza, "Na nani kakufundisha kutoondoka?" Hiyo sikuijibu, kwa sababu jibu lake linaendesha gari la theluji na haliniandikii.

Jumanne walikuja wakubwa wa karakana, wakakaa kwenye viti, wakaisikiliza safu yangu kutoka filimbi ya juu kabisa mpaka ya chini. Walisikiliza kwa muda mrefu. Mmoja alikuwa amefumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha wakasimama, na Bwana Phaneuf akasema kwa sauti yake ya kuudhika, "Huyu simwachii mtu."

Nimebaki, Baba. Mimi ni mwanamke wa kwanza mezani pale. Nilitoka nje nikatembea kuzunguka soko lote, nikitaka kumshika mtu bega nimwambie, na kila niliyemfikiria alikuwa wewe.

Ishbel


Dunvarra
18 Mei 1972

Ishbel mwanangu,

Sisi wazima, na safari hii kweli. Dume limekua, linasukuma uzio. Barafu imeondoka pwani, wavuvi wa kamba wameshatega. Mama yako amepanda vitunguu upande mmoja wa bustani na kitu kingine upande mwingine, hataki kusema ni nini. Goti nimelifunga flaneli. Nimelifunga kweli.

Kuna mambo sikukuandikia Februari. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira huandika kifupi.

Sikuishia kusikia barabarani. Alhamisi ile nilikwenda parokiani kuidai barua yangu. Nikafungua mlango, na nani nimwone, Ranald wa Mlimani amesimama juu ya benchi, miwani puani, anasoma tena maneno yako kwa sauti ya Injili. Karata zimelala. Chai imepoa. Hakuna aliyeniona. Nikabaki mlangoni na theluji yangu kofiani, nikamsikiliza binti yangu akitoka kinywani mwa mtu mwingine. Alipofika pale, sirudi Septemba, Angus Dan akapiga meza.

"Mnaona? Kazi tano, zote zimemshinda!"

"Tano umezihesabia wapi?" Jessie Ann akamrukia. "Ni sita. Umesahau ambulansi."

"Ambulansi naijua."

"Basi umesahau meli. Na hakuna iliyomshinda. Mpwa wangu alilazwa ndani ya ambulansi ile na mguu uliovunjika vipande, mpaka leo anamwombea yule dada kila jioni. Wewe nani anakuombea?"

"Mimi nauliza kama atarudi au harudi!"

"Harudi, si umesikia? Kaa chini!"

"Nyamazeni nyote," akasema wa Mlimani, "ukurasa wa tatu ndio mtamu. Kuna mtu anajifungua."

Ishbel, wanazijua zote. Sufuria, nyundo, simu, zote. Miaka yote hii nilidhani wakiniuliza habari zako wanatafuta la kunichekea jioni, kwa hiyo nilikuwa nawajibu nusu. Kumbe hizo nusu walikuwa wanaziunganisha. Jessie Ann anazo kwa mpangilio, na ambayo hakuipata kwangu ameipata kwenye simu. Lakini siku ile sikutaka kuyaona hayo. Niliichukua barua mkononi mwa wa Mlimani, nikaondoka, na sikuwaambia kwaheri.

Halafu ikaja hii ya Aprili. SOKSI kwa herufi kubwa, wakaniletea hadi mlangoni. Nilisoma nimekaa, na mama yako karibu, kama ulivyotaka. Pale pa filimbi iliyokufa niliinuka nikaenda kuangalia jiko, halikuwa na shida yoyote. Nikarudi nikamaliza. Mama yako akasema, "Sasa?" Nikasema, sasa nini.

Wa Mlimani akaja jioni ileile, hata viatu hakuvua. "Wameniambia imekuja nyingine. Amefaulu?" Nikamwambia barua za watu si gazeti. Akasema, "Ranald, nimetembea kwenye tope mpaka hapa. Amefaulu au hakufaulu?" Nikamwangalia, mzee mzima, amekunja kofia mikononi. Nikamwambia amefaulu. Akampa mama yako mkono, akanipa mimi, akatafuta mwingine wa kumpa, hakuna, akampa mkono mama yako tena.

Alhamisi niliichukua barua, nikaenda nayo mwenyewe. Nikapanda benchi mwenyewe. Sisomi kwa sauti ya Injili, nasoma kama mtu wa mgodini, lakini walinisikia. Ule mshono wa Pictou wakanifanya niusome mara mbili. Nilipofika kwa "huyu simwachii mtu", wanawake wakapiga makofi, na mzee wa posta akapuliza pua kwa nguvu hadi mbwa akabweka nje.

Angus Dan akangoja makofi yaishe. Ndivyo alivyo. "Vizuri sana," akasema. "Na neno lako ulilonipa?"

Nikamwambia, "Nalichukua. Nililitoa juu ya kitu kisicho changu."

"Mwanamume hachukui neno lake."

"Basi andika kwamba Ranald Gillis amelichukua lake, mbele ya watu wote hawa, na hana haya. Binti yangu hakuna kazi iliyomshinda. Kila kazi ameiacha siku alipoijua, akaiaga, ikampa mkono. Wewe Angus Dan uenyekiti umekushinda siku ya kwanza, na mpaka leo umeukalia."

Nilikuwa sijui kama nina maneno hayo. Walicheka mpaka Padri akaingia kuuliza kuna nini. Angus Dan naye, nimpe haki yake, alicheka mwishoni, akalegeza tai. Shule wamempata kijana wa Mabou, mtulivu, na anapenda kijani.

Tangu hapo jambo moja limetokea, nami nakaribia kufika chini bila kuliandika, kwa sababu sijui niliandikeje.

Unajua desturi ya hapa. Jina la utani hujipi, na humpi mwanao. Watu ndio wanaokupa, na wakikupa umekwisha. Lile la Mwalimu nilijipa mwenyewe, walikuwa wananiita hivyo kwa adabu tu, na mimi nilikuwa najua. Unajua pia kwamba mtoto hubeba jina la baba. Wewe ni Ishbel wa Ranald, mimi ni Ranald wa Alasdair, na hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka kwenye meli iliyotuleta. Sijawahi kuona likienda kinyume. Mama yako naye hajawahi, nimemuuliza.

Jumatatu nilikuwa dukani nanunua misumari. Kwenye posta ya mlemle dukani wameweka binti mpya, mgeni, hajatuzoea. Akainua bahasha, bili ya umeme nadhani, akauliza duka zima, "Ranald Gillis ni yupi? Wako wawili hapa." Wa Mlimani alikuwa kaegemea kaunta. Hakugeuka hata kunitazama. Akasema tu, kama mtu anayesema leo kuna upepo, "Hiyo si yangu. Hiyo ni ya Ranald wa Ishbel." Na binti akauliza, Ishbel ndiye nani? Watu watatu wakafungua midomo kwa pamoja kumweleza.

Nilichukua bili, nikatoka, nikaingia kwenye gari. Sikuliwasha. Nilikaa pale na misumari mapajani kwa muda mrefu, nikalia, Ishbel, mchana kweupe, mbele ya duka. Wapita njia wakanipungia mkono nami nikawapungia.

Jana kanisani walikuwa watano walioniita hivyo. Leo sikuhesabu.

Sitakuambia urudi. Siku moja, ukiwa na nafasi, mimi na mama yako tutapanda treni tuje tukae kwenye viti kama wale wakubwa, tuisikilize safu yako kuanzia juu mpaka chini, na nitajitahidi nisisinzie. Na ukienda kwenye nyuki, niambie mapema, nina watu wa kuwaarifu.

Ni mimi baba yako,
Ranald wa Ishbel